Mwaka Hosteli Ilipofungwa

Habari za kifo cha Mwalimu Tabitha zilinijia bila sauti. Nilikuwa nimesimama jikoni nikingoja chai ichemke, simu ikatetemeka mezani, nikaifungua nikakuta video ya mwanafunzi wetu wa zamani, siku hizi fundi cherehani kule Kawangware. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa mabati, macho mekundu. Hakufungua mdomo. Alinitaja mimi kwa ishara, akamtaja Tabitha, kisha akanyoosha viganja vyake viwili, kimoja juu na kingine chini, akavigeuza polepole. Chai ikafurika ikazima jiko. Niliirudia ile video mara nyingi nikijidanganya kwamba labda nimeanza kusahau lugha, labda ile ishara ina maana nyingine. Haina.

Tulimfanyia ibada ya kumbukumbu katika ukumbi wa kanisa pale Woodley kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kisii. Walikuja watu wazima niliowajua wakiwa hawajajifunza kufunga kamba za viatu: wapishi, maseremala, dada mmoja anayesuka nywele, mama aliyembeba mtoto anayesikia, na mtoto yule alikuwa akimvuta mamake shavu ili amgeukie amwangalie. Ukumbi ulijaa mikono. Mtu wa kupita njia angesema mle ndani kuna kimya, lakini mimi nilikuwa sijui nimwangalie nani nimwache nani, maana kila pembe kulikuwa na hadithi. Waliniomba niseme machache kuhusu marehemu. Nikasema alivyopenda chai ya tangawizi, alivyokuwa akivua viatu akifundisha, alivyowakemea watoto kwa nyusi tu. Nilisema mengi, ila nikauruka mwaka wangu wa kwanza pamoja naye. Nilifika hapo mikono ikakataa. Ninaandika hapa nilichoshindwa kusema pale.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu kipya. Serikali ilikuwa bado haijaniajiri, kwa hiyo nilikuwa mwalimu wa bodi ya shule, wa kulipwa kinapopatikana. Shule yenyewe ilikuwa ya msingi, ya umma, nyuma ya Barabara ya Ngong, kati ya Woodley na Jamhuri. Wanafunzi wengi walikuwa wana wa vibarua, mama mboga, wafua nguo na walinzi, watu waliotoka magharibi kuja Nairobi kutafuta, na bado walikuwa wakitafuta. Mwisho wa uwanja, nyuma ya stoo ya kuni, ndipo palipokuwa na kitengo cha viziwi. Serikali ilituma pesa za vitabu na chaki kwa kila mtoto wa shule ile, na kwa watoto wetu iliongeza kidogo, pesa za chakula cha hosteli na mshahara wa yaya. Mtoto kiziwi wa mzazi maskini hawezi kuvuka mji peke yake kila asubuhi, na karibu na kwao hakuna mwalimu wa lugha yake. Hiyo nyongeza ndiyo iliyokuwa hosteli. Ndiyo iliyokuwa ugali, blanketi na sabuni. Mimi sikujua wakati huo. Nilidhani hosteli ni nyumba, na nyumba ikishajengwa imejengwa.

Darasa letu lilikuwa chumba kirefu chenye dari ya mbao iliyovimba kwa mvua. Madawati yalipangwa nusu duara ili kila mtoto aone mikono ya wenzake. Ukipita mlango wa pazia uliingia hosteli, vitanda vya deki, kimoja juu ya kingine, upande wa wasichana na upande wa wavulana, ubao mwembamba katikati, na harufu ya sabuni ya kipande iliyochanganyika na uji. Chakula kililiwa kwenye meza mbili ndefu karibu na jiko la kuni. Mchana githeri ya mahindi na maharagwe, jioni ugali na sukuma, Ijumaa ndengu. Sijawahi kuona meza zenye makelele kama zile. Mtoto angeshika kijiko kwa mkono mmoja na kusimulia kwa mwingine, hadithi ikinoga anaweka kijiko chini, na githeri inapoa huku wenzake wanagonga meza kwa kucheka. Mwalimu Tabitha alikaa kichwani pa meza na kikombe chake cha chai ya tangawizi, mwanamke mnene, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliona nilivyosimama mlangoni nisijue pa kuweka mikono yangu.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hapa wewe ndio unaanza darasa la kwanza. Hawa watoto ndio watakuonyesha. Usione haya."

Nilionyeshwa kweli. Siku moja nilikuwa nje ya dirisha nikianika matambara ya ubao, nikawaona ndani wasichana wawili wakinizungumzia. Kwingine watu husikiliza ukutani, pale kwetu hata sisi tunaosikia tuliiba maneno kwa macho. Mmoja alikuwa akiniigiza ninavyoongea kwa ishara: mabega juu, viwiko vimebana, vidole vinarukaruka. "Anaongea kama mtu aliyeshika sufuria ya moto," alisema. Mwenzake akamjibu, "Lakini anajaribu." Nilicheka peke yangu pale nje mpaka nikashika ukuta. Nilihisi nimepokelewa.

Nafula aliletwa baada ya shule kufunguliwa, watoto wengine wakiwa wameshazoeana. Babake, Simiyu, alikuwa mlinzi wa geti katika nyumba moja kule Muthangari, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini, sweta ya buluu ya kampuni ikiwa bado mwilini. Msichana alikuwa kama wa miaka tisa, na kovu dogo lililokata nyusi yake ya kushoto. Alishika pindo la ile sweta kwa mikono miwili.

"Madam, huyu hasikii tangu azaliwe," Simiyu akasema. "Lakini hana shida ingine. Ni mtoto mzuri sana. Nikiwa na yeye tunaelewana tu hivi hivi."

"Mnaelewana aje?" Tabitha akamuuliza, kwa upole.

Akafikiri. "Nikitaka akuje, naenda namchukua."

Alikuwa hana lugha. Siyo kwamba alijua Kibukusu cha kwao akakosa Kiswahili, au alijua ishara za nyumbani akakosa zetu. Hakuwa na neno lolote la kitu chochote. Hakujua kwamba vitu vina majina, wala kwamba yeye mwenyewe ana jina. Majuma ya kwanza alikaa mwisho wa nusu duara akitutazama kama mtu aliyeketi nje ya nyumba ya wageni wenye furaha. Akiona wenzake wanacheka, alicheka pia, akichelewa kidogo. Watoto walimpa jina siku ileile aliyofika, kidole kilichopinda kikipita juu ya nyusi, kwa ajili ya kovu. Walimwita hivyo mezani na uwanjani. Yeye aliona vidole tu.

Kisha asubuhi moja Tabitha alikuwa akiita majina kama kawaida, kila mtoto akiona lake anainua mkono. Akafika kwake. Nafula akageuka nyuma kutazama anaitwa nani, akakuta ukuta. Akarudisha uso mbele. Tabitha akarudia, kidole juu ya nyusi. Msichana akainua mkono taratibu, akaligusa kovu lake, akakaa hivyo. Halafu akajipiga kifuani, akauliza kwa macho: mimi? Darasa zima likapunga mikono hewani, ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Aliruka kutoka kwenye dawati. Akagusa dawati: na hiki? Tukamwambia. Dirisha? Tukamwambia. Kiatu, chaki, mbu aliyekuwa ukutani, uji, paa, miwani ya Tabitha. Alikuwa akikimbia. Kila kitu alikigusa kama anayekiamsha. Tabitha akanisukumia kipande cha chaki akatoka. Nilimkuta baadaye nyuma ya jiko akifuta miwani kwa ncha ya leso, na ilikuwa haina uchafu wowote.

Nimefundisha miaka mingi tangu hapo. Nimewafundisha wengine kufundisha. Mtu akiniuliza nini kilinishika katika kazi hii, namtajia mambo ya jumla, wito na kadhalika. Ukweli ni asubuhi ile.

Simiyu alikuja kila Jumapili alipopata ruhusa, na mkate wa sukari na pakiti ya maziwa lala. Walikaa kwenye benchi chini ya ukuta wa darasa, na Nafula alimfundisha. Alimshika yule mwanamume mkubwa vidole vyake vigumu na kuvipinda, baba, mkate, nzuri, kesho, na alipokosea msichana alijipiga paji la uso kwa kukata tamaa, kama Tabitha hasa. Simiyu alicheka hadi machozi. "Huyu ananikanya sasa," alituambia. "Huyu! Ananiambia mimi ni mjinga!" Alikuwa na fahari kama mtu aliyeitwa mheshimiwa. Aliniambia kwamba kazini, geti likiwa limefungwa na hakuna gari, anafanya mazoezi, na watoto wa bosi wake humchungulia wakidhani ameanza kurukwa na akili.

Muhula wa pili ulifunguliwa na nyongeza yetu haikufika. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, kwa sababu pesa za serikali huchelewa kama mvua, na watu wa shule hujua kuvumilia. Lakini githeri ilianza kubadilika. Maharagwe yalipungua mpaka mtoto akipata moja alilionyesha wenzake. Ndengu za Ijumaa zikasahaulika. Ofisi ya mwalimu mkuu ilipakana na chumba tulichotumia kusahihisha madaftari, na ukuta wake ulikuwa wa mbao, kwa hiyo nilisikia.

"Nikitoa kwa pesa ya wale wengine, Mwalimu, nitafungwa," alikuwa akisema mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Na hata nikitaka, wale wengine pia hawana. Chaki tunakata nusu."

"Na yetu iko wapi?" Tabitha akauliza.

"Iko njiani."

"Imekuwa njiani tangu tufungue. Kwani inakuja na miguu?"

Yaya wa hosteli alivumilia kadiri alivyoweza, naye alikuwa na watoto wake, akaondoka akilia. Nikahamisha godoro langu kutoka chumba cha nyuma nilichokuwa nimepanga Woodley, nikalala hosteli upande wa wasichana. Mama mmoja wa Kisingasinga, Mama Jaswinder, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini na nyumba Muthangari, karibu na alikolinda Simiyu, alisikia habari zetu kutoka kwake pale getini. Akaanza kutuletea dengu na chapati kwa masufuria makubwa nyuma ya gari, Jumamosi kwa Jumamosi. Alisimama mezani na mtandio wake mweupe akiwapakulia watoto mwenyewe, na alikataa kuketi. Tabitha alipomshukuru, alimkata maneno. "Mimi naweza leta dengu, Mwalimu. Serikali mimi hawezi leta. Wewe enda sumbua wao."

Tukaenda kuwasumbua. Tulivaa vizuri, tukashuka mjini, na Tabitha akasema twende na Nafula, waone mtoto, wasione karatasi. Wizara ilikuwa na ukumbi mrefu wenye benchi za mbao zilizong'arishwa na makalio ya walimu wa nchi nzima. Tulikaa hapo asubuhi yote. Nafula alifurahia kila kitu, lifti, sakafu inayoteleza, mwanamke aliyepita na kucha ndefu nyekundu. Alitaka majina. Hatimaye tukaingizwa kwa afisa mmoja mwenye tai ya kijani na sauti laini, akatuagizia chai. Ninamkumbuka kwa adabu yake. Alitusikiliza bila kutazama saa.

"Walimu, sera imebadilika kidogo," alisema. "Sasa hivi tunataka mtoto asome karibu na kwao, pamoja na wenzake. Hizi hosteli zinawatenga. Kwa hivyo pesa zake zinaangaliwa upya."

"Karibu na kwao ni wapi?" Tabitha akauliza. "Na huko nani anajua lugha yake?"

"Hiyo iko kwa awamu ya pili. Walimu watapelekwa mafunzo."

"Na hii ya kwanza?"

Afisa akakoroga chai yake. "Ya kwanza ndiyo hii, Mwalimu."

Tabitha akamgeukia Nafula, akamwambia amsimulie huyu bwana habari zake. Msichana akasimama katikati ya zulia. Alisimulia jinsi babake anavyofungua geti, jinsi gari la bosi linavyoingia na mbwa anavyolifukuza mpaka anateleza kwenye marumaru, na alikuwa geti, alikuwa gari, alikuwa mbwa. Miezi michache nyuma mtoto huyu hakujua kwamba mbwa anaitwa kitu. Mimi nilikuwa nikitafsiri kwa sauti. Alipomaliza afisa alitabasamu, kweli aliguswa, akafungua droo akampa peremende. "Maskini," akasema. "Mungu atamsaidia."

Nje kwenye benchi Nafula alifungua peremende yake, akaniuliza, "Amesema nini?"

"Amesema tungoje."

"Tunamngoja nani?"

Nikamwambia serikali. Sisi tuliionyesha kwa kupiga vidole begani, palipo na vyeo vya askari. Akafikiri, peremende imevimbisha shavu. "Ni mkubwa kama baba?"

"Mkubwa kuliko baba."

"Anasikia, au ni kama sisi?"

Nikasema anasikia. "Basi muite tena," akaniambia, na akarudisha macho kwa watu waliokuwa wakitoka kwenye lifti.

Siku hizi mimi nami huitwa kwenye mikutano kama ile. Nimekaa upande wa pili wa meza, nikala biskuti, nikasikia maneno mazuri, na mengine niliyakubali kwa sababu si mabaya. Mtoto kusoma karibu na kwao si jambo baya. Nilichojifunza ni kwamba neno zuri likitumwa mbele bila pesa, hufika kama amri ya kufunga.

Na hosteli ikafungwa, mwisho wa muhula wa pili, mwezi wa nane. Mwalimu mkuu aliwaita wazazi, akawaambia asiyeishi karibu atafute njia nyingine mpaka mambo yatakapokaa sawa. Wachache waliokuwa na jamaa Kibera na Kawangware wangeendelea kuja mchana. Simiyu alisimama nyuma ya wengine akigeuzageuza kofia yake. Kazini alikuwa amepewa chumba kimoja kando ya geti, na mwenye nyumba hakutaka watoto wa wafanyakazi katika ua wake. Mamake Nafula hakuwepo. Alibaki nyanya, kukhu kama wanavyosema kwao, kule Bungoma, ambaye tayari alikuwa analea wajukuu wengine.

"Ni kwa muda tu, madam," alituambia, kama anayetutuliza sisi. "Pesa ikitoka mniite, siku hiyohiyo namleta."

Asubuhi ya kuondoka, Nafula alikuwa amefunga nguo zake katika mfuko wa nailoni na kuvaa sweta ya shule ingawa tulikuwa tumefunga. Hatukuwa tumemficha kitu. Tabitha hakuwahi kumdanganya mtoto. Alimwambia kwamba hosteli haina chakula, kwamba ataenda kwa kukhu, kwamba tutamwita. Msichana akauliza kukhu anajua mikono? Tabitha akamwambia hajui, mfundishe. Akaitika kwa uzito, kama aliyepewa kazi. Getini alitembea kinyumenyume, kwa sababu kiziwi akikupa mgongo mazungumzo yamekwisha, na alikuwa bado na mengi ya kusema. Babake alimwongoza kwa bega asijikwae. Alikuwa akiniuliza ni nani atalala kitanda chake, na nimwambie huyo asivute pazia likazuia mwanga. Walipokata kona niliona mkono tu, ukiendelea kuongea.

Muhula wa tatu chumba kilikuwa na watoto wanne. Tuliketi karibukaribu. Wiki ya maonyesho ya kilimo ilipofika, bendi za tarumbeta zilifanya mazoezi pale uwanja wa Jamhuri, na watoto wetu walikuwa na desturi ya kwenda kuweka viganja na mashavu kwenye ukuta wa uwanja ule ili wahisi ngoma. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ukuta mzima hujaa. Mwaka ule walisimama wanne, na Tabitha akaenda akaweka shavu lake pia, macho yamefumbwa, nikaona jinsi alivyozeeka tangu Januari. Jioni alipiga simu wizarani, alipiga kwa jirani wa kukhu kule Bungoma, alipiga kwa yeyote. Jirani alisema mtoto yuko, ni mzima, ni mpole, ila anapenda kurusharusha mikono na watoto wanamcheka, kwa hivyo kukhu amemzoeza kuituliza. Tabitha alirudia neno hilo baada ya kukata simu. "Kuituliza." Hakunywa chai yake.

Niseme hapa kwamba pesa zilikuja. Zilikuja mwaka uliofuata, shule ikiwa imefunguliwa. Yule afisa hakutudanganya, zilikuwa njiani. Maharagwe yakarudi, yaya akarudi, vitanda vikajaa, na watu waliokuja kututembelea walipiga picha na kusema kitengo kinafanya vizuri. Wengi waliokuwa ukumbini Woodley juzi walilishwa kwa pesa hizo. Sina haki ya kuzidharau.

Lakini Simiyu alikuja kabla ya hapo. Ilikuwa karibu na kufunga muhula ule wa tatu, mchana, watoto wako uwanjani. Alikuja bila kupiga simu. Alikuwa amevaa koti la suti lisilo lake na ndevu hazijanyolewa, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa kule. Tabitha alimwona mlangoni akasimama, na nadhani alijua, kwa sababu alivuta dawati akamketisha kabla hajasema neno. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani.

Alitusimulia akitazama sakafu. Nafula aliumwa tumbo. Alikuwa akionyesha, akionyesha, na kukhu akadhani ni njaa, akampikia, akampa na cha kwake. Zahanati wakampa dawa ya malaria. Alipopigiwa simu yeye aliomba ruhusa, akasafiri, akafika giza limeshaingia, mvua imeharibu barabara, hakuna gari la kumtoa mpaka kukuche. "Alinijua," alisema. "Alinionyesha baba. Alinionyesha nzuri. Hizo nilielewa." Asubuhi walipopata gari hakukuwa tena na mgonjwa wa kupelekwa. Daktari aliyeutazama mwili alikuja kuwaambia kwamba ni kidole tumbo kilikuwa kimepasuka ndani.

Nje mtoto mmoja alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Sikukuja kuwalaumu, walimu," Simiyu akaendelea. "Kuna kitu nataka kuuliza. Usiku ule alikuwa ananiambia kitu. Kimoja tu, anarudia. Nikimshika mkono anautoa, anakifanya tena. Mimi sikijui. Nimekuwa nikikifanya njia nzima kutoka Bungoma ndio nisikisahau."

Akainua mkono wake wa kulia juu ya kichwa, vidole vimekusanywa pamoja kama ncha ya kitunguu, akavifumbua kuelekea chini. Kisha akaweka kiganja kifuani akakizungusha. Akarudia. Alifanya vibaya, vidole vyake havikufunguka vizuri, lakini ilisomeka. Mimi niliisoma mara moja, nikamtazama Tabitha, nikatamani kwa moyo wangu wote kwamba atamwambia kitu kingine.

Tabitha aliinama mbele yake, akapiga magoti pale sakafuni na unene wake. "Hiyo ni taa, Baba Nafula," akasema. "Alikuwa anasema taa. Anaomba. Taa ibaki."

Simiyu akamwangalia.

"Kukiwa na giza haoni mikono," Tabitha akasema, sauti imemshuka. "Hawezi kuongea na wewe, na wewe huwezi kuongea na yeye. Alikuwa hataki mwache kuongea."

"Niliizima," Simiyu akasema. "Mimi ndio niliizima. Nilifikiri inamuumiza macho. Nikasema wacha alale."

Nilienda dirishani nikasimama huko. Nilisikia dawati likilia alivyokuwa akitikisika, nikasikia Tabitha akimwambia pole, pole baba, akaacha kusema, akabaki naye tu. Watoto walianza kurudi kutoka uwanjani wakaona mgeni wakasimama nje ya mlango, hawakuingia. Nilipogeuka Simiyu alikuwa amejifuta uso kwa mkono wa lile koti, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu tena.

"Ni hivi?" akauliza.

"Vidole vifunguke zaidi," Tabitha akamwambia.

Akajaribu. Havikufunguka. Tabitha, akiwa bado amepiga magoti, aliushika ule mkono akaanza kumnyooshea vidole kimoja kimoja, kama alivyowafanyia watoto wote waliopita katika chumba kile, naye Simiyu akarudia, akarudia tena, mpaka akaipata sawasawa.